Jina Langu Ndani ya Tangi

Sele tulimzika Jumatano baada ya swala ya adhuhuri. Udongo ulikuwa haujatoka kuchani nilipojikuta nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, uani kwake Tabata, na sahani ya pilau mapajani ambayo sikuweza kuila. Binti yake mkubwa, Zuhura, alikuja na wageni wawili wa upande wa mumewe, akapiga goti kidogo kunisalimia, kisha akawaambia, "Huyu ndiye baba mdogo Dismas. Ndiye aliyemtoa baba kwenye tangi." Wageni wakanishika mkono kwa mikono yao miwili. Mmoja akasema, "Mungu akulipe, mzee wetu." Nami, mtu mzima mwenye mvi na kitambulisho cha mkufunzi wa usalama kazini mfukoni, nikaitikia amina kwa jambo ambalo sikulifanya. Sijui Sele aliwaeleza nini watoto wake, wala kwa nini. Sie wawili hatukuwahi kulizungumza tena tangu mwaka ule ulipoisha. Sasa yeye hayupo, kati yetu wawili nimebaki mimi ninayejua ilivyokuwa, na nimeona niandike kabla na mimi sijaanza kuiamini ile hadithi ya chini ya turubai.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tulipanga chumba kimoja Temeke, mimi kutoka Masasi na yeye Mmakonde wa Newala, tuliokutana kwenye geti la kiwanda asubuhi moja katika foleni ya vibarua. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilifungukia ukuta wa jirani. Ukitoa mkono nje, kiganja kinagusa tofali. Sele alilala upande wa dirisha, mimi nilichagua mlangoni, na mlango wangu niliuwekeaga kandambili usijifunge wote. Alinitania kwamba naogopa kuibiwa. Nilicheka naye. Jioni tulipika ugali kwa dagaa wa kukaanga na pilipili mbuzi, tukala kwenye sinia moja, tukisikia kila kitu cha chumba cha pili, maana ukuta haukufika juu: redio, kikohozi cha mtoto, mume akimuuliza mke chumvi imewekwa wapi. Hata leo nikikumbuka chumba kile, kitu cha kwanza kunijia ni ile dari ya bati kuwa karibu mno na uso wangu.

Ukibarua wa getini ulitutoa jasho bila kutufikisha popote. Ajira ya kudumu ilikuwa kwa mkandarasi mmoja aliyesafisha matangi ya viwanda: ya mafuta ya kula, ya molasi, ule uji mweusi unaobaki miwa ikishatolewa sukari, ya kemikali za sabuni. Lakini kule hukuweza kupita getini bila cheti cha kufanya kazi katika sehemu finyu. Kwa hiyo tukajiandikisha mafunzo ya siku tano kwenye ghala la zamani kule Chang'ombe, chini ya mwanamke aliyeitwa Madam Ndesa. Alikuwa Mpare, mfupi, mwenye sauti nzito, na kabla ya kufundisha alikuwa nesi kwenye zahanati ya karibu na bandari kwa miaka mingi. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu, tukamwamkia kwa pamoja shikamoo Madam, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Hapa sifundishi ushujaa. Mashujaa nimewafunika shuka kwa mikono yangu." Akatueleza kazi mbili zilizopo. Kuna anayeingia tangini, na kuna mlinzi wa tundu, anayebaki nje na filimbi, kamba na karatasi ya kibali. "Mwenzako akianguka ndani, mlinzi anafanya nini?" Tukajibu mmoja mmoja: anamfuata, anamvuta, anaita. Alituacha tumalize. "Mlinzi haingii," alisema. "Anapuliza filimbi, anaita waokoaji wenye mitungi ya hewa. Haingii. Andikeni." Na kwenye kibanda cha chai nje ya ghala, mchana uleule, nilimsikia dereva mmoja wa lori akimsimulia mwenzake, huku anachovya chapati kwenye chai, juu ya watu waliofia kwenye tangi moja huko alikotoka: wa kwanza alianguka, shemeji yake akamfuata, na wa tatu hata hakuwa mfanyakazi, alikuwa ameleta chakula. Chapati ikamkatikia ndani ya kikombe, akaiopoa kwa kijiko na kuendelea.

Nyuma ya ghala kulikuwa na kitu tulichokiita bomba. Yalikuwa mapipa yaliyokatwa vitako na kulehemiwa yakawa njia moja ndefu yenye kona tatu, giza tupu, na upana wake ulimtosha mtu anayetambaa tu. Siku ya nne tulifanya majaribio. Niliingia vizuri. Kona ya kwanza nilipita. Kwenye ya pili mabega yangu yaligusa chuma kulia na kushoto kwa wakati mmoja, na mikono ikakataa. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Niliiambia isogee, haikusogea. Pumzi yangu ilirudi usoni kutoka kwenye barakoa ikiwa ya moto, nikasikia mtu analia kwa sauti ndogo, nikachelewa kutambua kuwa ni mimi. Nilirudi kinyumenyume nikiburuza magoti. Nilipotoka nikashika tumbo, nikasema nimekula kitu kibaya. Madam Ndesa alinitazama kwa muda. "Kesho ndio mtihani," alisema. "Nenda kapumzike."

Sele hakudanganyika. Jioni ile, kabla hata hatujasonga ugali, aliniuliza, "Dis, siyo tumbo, eti?" Nikamwambia siyo. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafikiri, kisha akatabasamu kama mtu aliyepata njia ya mkato. "Kesho tunavaa barakoa na helmeti. Nani atajua uso wa nani? Mie namba saba, wewe kumi na moja. Nikitoka naenda kunawa nyuma ya stoo, tunabadilishana ovaroli, napita tena na namba yako. Basi."

"Wakitukamata?"

"Watukamate vipi? Tuko sawa kwa urefu. Halafu ukishapata cheti utazoea taratibu. Hofu inaishaga yenyewe."

Ndivyo tulivyofanya, na ilikuwa rahisi kiasi cha kunitia aibu. Nilijibanza nyuma ya stoo nikiwa na ovaroli ya Sele iliyoloa jasho, nikasikia Madam akiita, "Namba kumi na moja, vizuri sana." Baada ya wiki moja nilikuwa na kadi ngumu yenye picha yangu, jina langu kamili, na maneno kwamba mwenye kadi hii amefuzu kuingia na kufanya kazi katika sehemu finyu. Sele aliibusu ya kwake. Ya kwangu niliiweka chini ya godoro, na asubuhi ya kazi ikanibidi niivae shingoni.

Watu wanafikiri kunaswa ni kufungiwa mahali. Mimi mwaka ule nilinaswa nikiwa nimesimama nje, juani, kwenye hewa safi. Kila asubuhi msimamizi wetu, Bwana Kaniki, aliandika vibali akiwa ofisini mwake: leo ndani Selemani, nje Dismas, kesho ndani Dismas, nje Selemani. Alisaini hapohapo mezani na kutupatia karatasi. Hakuwa mtu wa kupanda ngazi za matangi. Tukifika juu, tukibaki wawili, Sele alivaa mkanda na kuingia, siku yake na siku yangu pia. Mwanzoni alisema ni mpaka nizoee. Baadaye ikawa mpaka baada ya Idi. Kisha hakuna aliyesema tena. Alirudi nyumbani amechoka kwa kazi ya watu wawili. Siku za molasi sukari ilimganda kwenye nywele na kucha, na asubuhi tulikuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye shuka lake. Mara kadhaa nilifika mlangoni kwa Kaniki nikiwa nimeshayapanga maneno. Kila mara nilikumbuka kwamba cheti kilichokuwa cha uongo kilitoka mikononi mwa Sele, na kwamba nikisema la kwangu nachana na cheti chake. Nikageuka. Najua sasa kwamba sababu ile ilinifaa mimi kuliko ilivyomfaa yeye.

Sele alikuwa na mchumba Kimbiji, Mwanaidi, na zamani hakukosa Jumapili moja kuvuka Kigamboni kwenda kumwona. Kadiri miezi ilivyosogea Jumapili zake zikawa za kulala. Siku moja Mwanaidi akaja mwenyewe Temeke, na kapu la mihogo. Nilitoka kuwapisha, nikawa nafua uani, na dirisha lile la ukutani likaniletea kila neno. "Huyo Dismas ana mikono?" Mwanaidi aliuliza. "Anayo." "Ana miguu?" "Anayo, bana." "Sasa?" Sele akasema, "Mwache. Ana ugonjwa." "Ugonjwa gani?" Sikusikia jibu. Nililisugua shati lilelile mpaka kola ikachanika, kisha nikaingia ndani nikala mihogo yake, nikamshukuru, naye akaniitikia kwa adabu bila kunitazama.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, molasi, kiwanda ambacho leo hakipo tena. Kibali kilisema ndani Dismas. Sele aliamka na homa. Tulipofika juu ya tangi alikaa kwenye bamba la chuma, macho mekundu. "Leo ingia wewe, Dis," alisema. "Mara moja tu. Kichwa kinanipasuka." Nikavaa mkanda. Nikafunga kamba. Nikaweka mguu mmoja ndani ya tundu, nikausikia ule ukimya wa chini, na mguu wa pili ukabaki pale ulipo. Sijui nilisimama vile kwa muda gani. Sele aliinuka, akanifungua mkanda bila kunitukana, ingawa tusi lingenipunguzia kitu. Alisema tu, "Toka." Akavaa, akaingia.

Tangi lile lilikuwa kubwa, limegawanywa ndani kwa kuta za chuma zenye matundu, upande wa kulia na wa kushoto, na chini lilikuwa na mabomba ya mvuke yaliyonasa kamba kila hatua. Molasi iliyochacha hutoa hewa mbaya isiyo na harufu ya kukutahadharisha, ndiyo maana tulikuwa na feni kubwa ya kupuliza hewa safi. Saa nne na kitu umeme ukakatika. Feni ilizunguka kwa uvivu, ikasimama. Nilipuliza filimbi kama nilivyofundishwa. Nikamsikia Sele akisema, "Naja." Nikavuta kamba, ikaja nyepesi, na mwishoni kulikuwa na ndoano tupu. Alikuwa ameifungua ili isimsumbue kwenye mabomba. Nikamwita. Akajibu kitu ambacho hakikuwa neno. Nikamwita tena, na hakukuwa na jibu.

Nilipuliza filimbi mpaka mdomo ukaniuma. Waokoaji wa kiwanda walipanda mbio, watu watatu wenye mitungi mgongoni, wageni kwetu wote. Kiongozi wao, mtu mrefu mwenye ndevu, hakuniuliza chochote. Alichukua kibali kilichofungwa kwenye ngazi, akakisoma, akatumbukiza kichwa kwenye tundu, akaita kwa nguvu, "Dismas! Dismas! Kama unanisikia gonga chuma!" Jina langu likazunguka mle ndani na kurudi. Kimya. "Dismas! Gonga!" Kimya. Akawageukia wenzake. "Hewa ya mitungi haitoshi kupekua pande zote mbili. Tuchague." Akainama tena. "Dismas!" Na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake, kadi shingoni nimeigeuza picha ndani, nikimsikia mtu ananitafuta mahali ambapo sikuwepo. Kaniki alikuwa ameshafika juu, anahema, ngazi za tangi kwa mara ya kwanza. Nilijua nikifungua mdomo yamekwisha: kadi, kazi, na kila asubuhi ya mwaka ule. Ningependa kuandika kwamba sikusita. Nilisita. Nimejiambia miaka yote kwamba ilikuwa pumzi moja. Zilikuwa zaidi, maana yule mtu aliita jina langu mara mbili nyingine.

"Siyo Dismas," nilisema. "Dismas ni mimi. Aliyeko ndani ni Selemani. Mwite Sele."

Kiongozi alinigeukia, na sitaeleza alivyonitazama. Akarudisha kichwa tunduni. "Sele! Oyaa, Sele! Gonga!"

Zikaja ngo tatu, za mbali, dhaifu, kama mtu anayebisha hodi akiwa na usingizi. Kushoto. Wawili wakashuka upande huo, na muda si mrefu wakamtoa kwa mkanda, uso umepakwa weusi wa molasi, mguu mmoja hauna buti. Alikuwa anapumua kwa mkoromo. Nilitaka kumgusa, Kaniki akanisukuma kifuani.

Siku ya pili Kaniki aliniita ofisini. Alikuwa amechapa maelezo tayari: kwamba Selemani aliingia tangini kwa hiari yake, bila ruhusa na kinyume cha kibali. "Saini hapa," aliniambia kwa upole. "Kadi yako inabaki, kazi yako inabaki. Kampuni itakuwa haihusiki." Niliuliza na Sele je, anayetibiwa? "Ameingia bila kibali, mwanangu. Hilo ni lake." Kalamu alishaifungua kifuniko. Nilimwambia naomba nikajisaidie. Nikatoka getini, nikatembea kwa miguu mpaka Chang'ombe, nikamkuta Madam Ndesa anakunja kamba. Nikamweleza yote kuanzia namba kumi na moja. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Lete kadi." Aliikata kwa mkasi vipande viwili. "Mie nilikuona siku ile umetoka na tumbo," alisema. "Niliona, nikasema labda kesho atakuwa sawa. Nilikuwa na wanafunzi wengi. Twende."

Alifuatana nami mpaka kwa wakubwa wa Kaniki, akaeleza kosa lake kabla ya langu, kisha akauliza nani alisaini kibali bila kupanda juu kuangalia nani anaingia. Kampuni ikabeba matibabu ya Sele. Mimi nikafukuzwa siku hiyohiyo, na niliona ni sawa.

Hospitali nilikwenda mara tatu, na mara mbili Mwanaidi alisema amelala. Mara ya tatu alikuwa amekaa, anakunywa uji kwa mrija. Nikamwomba msamaha kwa kutoingia. Akatikisa kichwa kwa hasira. "Nani kasema ungeingia? Ungeingia baada ya mimi kuanguka tungezikwa wawili. Hiyo sheria niliisoma kama wewe." Kifua kikamkamata, akangoja. "Nilisikia wanaita, Dis. Nilisikia vizuri kabisa. Dismas, Dismas. Nikajua unaitwa wewe, siyo mie. Nikasema basi, acha nilale." Akaweka kikombe chini. "Zamu ilikuwa yako. Nusu ya zamu zote ilikuwa yako. Nenda nyumbani." Alipotoka hospitali hakurudi Temeke. Mwanaidi alikuja kuchukua godoro lake, na mimi nikabaki na dirisha.

Miezi iliyobaki nilikuwa Buguruni napakua magunia ya vitunguu asubuhi, na mchana nikienda kumfagilia Madam ghala lake. Hakunialika, wala hakunifukuza. Alasiri, wanafunzi wakishaondoka, nilikuwa naingia bombani. Kona ya kwanza. Kurudi. Kona ya kwanza tena. Mwisho wa mwaka nikamwomba anipe mtihani, jina langu wazi na barakoa aniwekee yeye kwa mkono wake. Nilifika kona ya pili. Nikalala pale kifudifudi, nikahesabu, nikaomba Mungu, nikausukuma mkono mmoja mbele mpaka kwenye kiwiko. Kisha nikarudi kinyumenyume. Nilipotoa kichwa nje Madam alikuwa ameshika daftari. "Umekataa au umeshindwa?" "Nimeshindwa, Madam." Akaandika. Halafu akanifanyia mtihani wa ulinzi wa tundu: kipima hewa, kamba, filimbi, kibali, na maswali ambayo niliyajibu bila kupumzika, maana hakuna mtu Dar nzima aliyekuwa ameyafikiria kama mimi.

Karatasi aliyonipa nilikwenda nayo Tabata, alikokuwa Sele amepanga na Mwanaidi baada ya ndoa. Nilimkuta kwenye mkeka, majiko mawili ya gesi yamefunguliwa mbele yake, anayatengeneza. Ndiyo kazi aliyoichagua kwa pumzi yake iliyobaki fupi. Hakunikaribisha, lakini alisogeza sanduku la vifaa pembeni, nikakaa. Nikampa karatasi. Aliisoma taratibu, midomo ikicheza: Dismas, kuingia sehemu finyu, hakufaulu; mlinzi wa tundu, amefaulu. Aliisoma mara ya pili. Akakifuta kidole cha grisi kwenye suruali ili asiichafue, akanirudishia.

"Hii sasa," alisema, "ndiyo uliyoifanya mwenyewe."

Mwanaidi akaleta chai. Tulikunywa bila kusema lolote la tangi, kisha akanionyesha jinsi bomba dogo la jiko linavyoziba, nikamshikia tochi mpaka akalizibua.